Mtu wa Kiti cha Nyuma

Nilipoanza kazi ya kumwangalia yule mzee, mwanawe alinionya jambo moja tu: baba yake hatulii. Tulikuwa tumesimama jikoni, ghorofani, katika mojawapo ya yale majengo ya The Pearl, mtaa wa pwani wa Doha, yanayotazama maegesho ya boti, na mzee mwenyewe alikuwa anapita mlangoni, anakwenda hadi dirisha la sebuleni, anarudi, anapita tena. Alikuwa Mwingereza mrefu, amepinda kidogo mabegani, amevaa soksi bila viatu. Umri wake ulikuwa unakaribia miaka tisini.

"Asubuhi si mbaya," mwanawe akasema. "Shida ni alasiri. Ikifika alasiri anataka kutoka, anasema anasubiriwa. Ananiita mimi kwa jina, utamsikia. Mwambie niko njiani."

Mwanawe huyo alikuwa mhandisi wa ndege, mtu mzima wa mvi, ameachana na mkewe siku nyingi. Mama yake alipofariki huko Uingereza, alimchukua baba akaja kuishi naye Doha, kwa kuwa hakuwa na ndugu wa kumwachia. Nilimwita bosi, na baba yake nilimwita mzee. Hakuna aliyelalamika.

Mimi nilikuwa nimeshakaa Qatar miaka kadhaa wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Nilikuja kufanya usafi hotelini, nikahamia kwenye nyumba moja ya familia, nikahama tena. Kila mahali nilijiona napita tu. Sanduku langu sikuwahi kulipakua lote. Nguo zilizokuwa chini kabisa zilikaa humo humo zinanuka karafuu alizoziweka mama. Kutoka nchini ilikuwa lazima kafili wako, yaani mwajiri anayekudhamini, atie sahihi, na ingawa sikuwahi kunyimwa, kule kujua kwamba ni lazima niombe kulinifanya usiku nigeukegeuke kitandani. Kwa hiyo siku nilipokabidhiwa mtu asiyetulia, sikuona ajabu. Nilimwelewa kabla sijamjua.

Siku za mwanzo nilimfuata nyuma kama kivuli. Mzee alikuwa na usahaulifu wa uzeeni, ule unaochukua jana na kuacha mambo ya miaka sabini nyuma. Alijua kunyoa, alijua kufunga tai, hakujua kama ameshakula. Alasiri ikifika, jua likianza kupiga kioo cha sebuleni, alianza kupapasa mifuko. Anatafuta penseli. Anatafuta ramani. Anaita jina la mwanawe, jina fupi, mara moja, mara ya pili, kisha anakwenda mlangoni na kushika kitasa.

"Yuko njiani, mzee," nilimwambia kama nilivyoelekezwa.

"Hajui njia," alinijibu. Kila siku jibu lile lile, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la kazi. "Hajui njia bila mimi."

Nilidhani anamzungumzia mwanawe kama mtoto wa shule. Bosi naye alidhani hivyo. Nilimsimulia jioni aliporudi, naye akavua miwani akaifuta kwa tai.

"Nilipokuwa mdogo hakuwahi kuja kunichukua shuleni hata mara moja," akasema. "Alikuwa mtu wa kimya. Nilikuwa sijui kama ananiona. Sasa ananingoja."

Tangu siku hiyo akaanza kurudi mapema. Aliomba zamu ya asubuhi, akawa anaingia nyumbani alasiri akiwa bado na kitambulisho shingoni, anamshika baba yake mkono, anasema, "Nimefika, Baba." Mzee anamtazama, anaitikia kwa kichwa, kwa adabu, na baada ya muda mfupi anarudi mlangoni kushika kitasa. Bosi alisema ni ugonjwa. Nikakubali.

Tulizungumza Kiingereza, mimi na mzee. Changu nilikipata kwenye hoteli ya kwetu nilikofanya kazi kabla ya kuja Ghuba. Asubuhi moja nikiwa namkaushia nywele, aliniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Tanzania, akaendelea kupiga sakafu kwa mguu. Nikamwambia Tanga.

Mguu uliokuwa ukipiga sakafu ukasimama.

"Raskazone," akasema.

Nikaacha taulo. Raskazone ndiko tulikokwenda kuogelea utotoni, siku za sikukuu. Akasema tena neno jingine, "maji moto," halafu "ngoja kidogo," kwa matamshi ya Kizungu lakini yanayoeleweka, kama mtu anayepapasa vitu vyake gizani na kuvikuta vipo.

"Ulikuwa Tanga, mzee?"

"Wote tulikuwa Tanga. Meli zilikuwa Mombasa, ndege zikiwa Tanga. Mkonge hadi unachoka macho."

Bosi alipoambiwa hakuamini kwa urahisi. Alijua baba yake aliruka na ndege za jeshi la majini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, lakini wapi na alifanya nini, hakuwahi kuambiwa. Alichokuwa nacho ni picha moja aliyoipiga mwenyewe kwenye jumba la makumbusho huko kwao, ya ndege ya aina ambayo mama yake aliwahi kuitaja. Aliichapisha kwa ukubwa akaileta nyumbani kwenye fremu. Ilikuwa ndege nene ya injini moja, yenye kioo kirefu juu ya mgongo.

"Inaitwa Fulmar," bosi akaniambia. "Hata sisi tunaofanya kazi na ndege, wengi hatuijui. Imebaki moja tu duniani, nayo ni ile ya kwanza kabisa kutengenezwa."

Mzee aliipokea ile picha, akaiweka mapajani. Hakuangalia pua ya ndege wala mabawa. Alipeleka kidole moja kwa moja kwenye sehemu ya nyuma ya kioo, akakiacha hapo.

"Mimi hapa," akasema.

Asubuhi zilizofuata ndipo nilipoijua historia ya ndege ile, kipande kwa kipande, mzee akiwa anatembea nami nikitembea naye. Fulmar, alisema, ni jina la ndege mwenye manyoya, wa baharini, wa nchi za baridi, ambaye ukimkaribia anakutemea mafuta yanayonuka. Jeshi la majini lilihitaji haraka ndege ya kivita ya kuruka kutoka melini, wakachukua ndege iliyokuwa imekusudiwa kubeba mabomu madogo, wakaigeuza. Mabawa yake yalikunjwa kurudi nyuma ili ienee chini ya sitaha. Ilikuwa na bunduki nane, zote zinatazama mbele.

"Na wewe nyuma ulikuwa na nini?"

"Ramani. Penseli. Redio ikitaka kufanya kazi."

Aliniambia wengine waliokaa nyuma walibeba bunduki ya mkononi wafyatue dirishani, na mmoja alisimulia kwamba aliwahi kutupa karatasi za chooni nje ili adui anayewafuata ababaike. Alicheka aliposema hivyo. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anacheka, na hata wakati wa kucheka miguu haikusimama.

Mtu wa nyuma aliwekwa kwa sababu bahari haina alama. Rubani akishapigana, akashazunguka huku na huku, hajui tena meli yake iko upande gani, na meli nayo haikusubiri, imeshasogea. Yule wa nyuma ndiye anayehesabu upepo na mwendo na kumwambia, geuka hivi, utaiona. Ila mtu wa pili na vyombo vyake ni mzigo. Fulmar ilikuwa na injini ya ukoo mmoja na zile ndege mashuhuri za Waingereza ambazo kila mtu anazijua, lakini yenyewe ilikuwa nzito na ya polepole. Kuna ndege za adui za kubeba mabomu ambazo haikuweza kuzifikia.

"Marubani walilalamika," mzee alisema. "Walitaka kiti kimoja. Walikuwa na haki. Uzito ulikuwa mimi."

Siku zangu za mapumziko nilianza kuitafuta ndege ile kwenye simu. Nilikuwa nakaa kwenye mgahawa wa chai ya karaki, ile ya maziwa na viungo, watu wa nyumbani wakinipigia kuniuliza niko wapi, nami nasoma habari za vita vya babu zangu. Nilisoma kwamba pamoja na mwendo wake wa polepole, ilitungua ndege nyingi za adui kule Mediterania, ikilinda misafara ya meli zinazopeleka chakula Malta. Nilisoma kwamba ilipopelekwa Bahari ya Hindi kupambana na Wajapani karibu na Ceylon, Sri Lanka ya leo, ilikutana na ndege nyepesi zenye kasi, na nyingi hazikurudi. Baada ya hapo meli zikarudi nyuma hadi pwani yetu, na baadhi ya Fulmar zikawekwa Tanga, kwenye uwanja ule ule ambako mimi nilipanda ndege ndogo mara ya kwanza maishani. Nilihisi vibaya kidogo kwamba shuleni hatukuambiwa. Tuliambiwa vita vya Wajerumani vya kwanza, nyuki waliowashambulia askari, basi.

Kisha mzee akatoroka.

Ilikuwa Alhamisi, upepo wa shamali umechafua anga, rangi ya njano hadi dirishani. Niliingia kumtolea shati kabatini, niliporudi mlango ulikuwa wazi. Lifti ilikuwa imeshashuka. Nikateremka kwa ngazi, ndala zikanivuka njiani, nikaziacha. Nilikimbia kwenye njia ya mawe kando ya maji, kupita mikahawa yenye viti vilivyokunjwa kwa sababu ya vumbi, nikimuuliza kila niliyemkuta. Sikuwa nahofia kufukuzwa kazi. Nilikuwa nayaona maji, na soksi zake.

Mlinzi wa gati, Mkenya ambaye tulizoea kusalimiana, alinipungia mkono kutoka mbali.

"Dada, mzee wako ako hapa," akaniambia nilipomfikia. "Usishtuke, ako sawa. Ameingia kwa boti ya wenyewe."

Mzee alikuwa amekaa kwenye boti nyeupe ya mtu tusiyemjua, imefungwa kamba gatini, inayumbayumba. Hakukaa kwenye usukani. Alikaa kiti cha nyuma, magoti pamoja, mkono mmoja umeshika penseli ya nyusi ambayo nadhani aliitoa chumbani kwangu, anaandika nambari kwenye ngozi nyeupe ya kiti.

"Nimejaribu kumtoa akakataa," mlinzi akasema. "Aliniuliza upepo unatoka wapi. Nikamwambia huko, kaskazini. Akasema asante. Nikaona nisimguse, nimkalie tu hapa mpaka mtu aje."

"Umefanya vizuri, kaka."

"Anaita mtu. Ni mtoto wake?"

"Ni mwanawe, ndiyo."

Mzee alinyanyua uso. Vumbi lilikuwa limemjaa kwenye nyusi, lakini macho yake siku hiyo yalikuwa na mtu ndani.

"Si mwanangu," akasema. "Mwanangu yuko kazini. Ni yule mwingine."

Nikaingia botini, nikakaa pembeni yake. Mlinzi akabaki amesimama gatini, ameshika kamba ili boti isicheze sana. Nikamuuliza mzee, yule mwingine nani.

Alinieleza kwa utulivu kuliko siku zote. Walikuwa wawili tangu mwanzo, yeye na rubani wake, umri wao hata ishirini na mitano haujafika. Waliruka pamoja Mediterania, waliruka pamoja Ceylon, na kila mara alimrudisha. Kule Tanga yeye akashikwa na malaria, akalazwa. Ndege yao ilikuwa imetengenezwa injini, inahitaji kujaribiwa. Rubani akapita hospitali kumwambia anapanda nayo peke yake, nusu saa tu, atarudi kabla ya chai. Ilikuwa alasiri. Mvua ikatoka baharini ikafunga pwani yote. Yeye akiwa kitandani na homa aliisikia ndege inapita juu ya mawingu, inakwenda kaskazini, halafu inapita tena, inakwenda upande wa bahari.

"Alikuwa ananitafuta," mzee akasema. "Sikuwa na redio. Nilikuwa najua upepo. Nililala pale najua upepo."

Walitafuta, hawakupata hata kipande.

Jina aliloliita kila alasiri lilikuwa la yule rubani. Miaka mingi baadaye alipopata mtoto wa kiume, alimpa jina hilo.

Mlinzi, aliyesikia yote, alitazama maji. "Pole, mzee," akasema kwa Kiswahili, na mzee akajibu, "Haya." Tukamshika kila mmoja upande wake, tukamtoa. Yule mlinzi alitusindikiza hadi kwenye lifti, kisha akarudi kuipangusa boti kwa kitambaa chake kabla mwenye boti hajaja. Aliniambia Ijumaa, siku ambayo Wakristo wa huku husali, atamwombea kanisani Mesaimeer. Mimi ni Mwislamu, lakini nilishukuru.

Sasa nikabaki na jambo la kubeba. Bosi alirudi, nikamweleza habari ya kutoroka na boti, akanipa pole badala ya kunigombeza. Jina sikulitaja. Kwa siku nyingi nilimwona anakuja mapema, anaacha wenzake kazini, anamwambia baba yake, "Nimefika," na uso wake unafunguka. Nilifikiri, nani mimi wa kumnyang'anya hilo? Nikafikiri tena, na yule mzee je, ambaye anamlilia mtu na anapewa mwingine? Nikawa sipati usingizi. Nilipika chumvi ikazidi. Nilimpigia mama Tanga, nikaanza kumweleza nikakatisha, kwa kuwa hata kwa Kiswahili halikuwa na pa kuanzia.

Bosi ndiye aliyeniondolea mzigo huo. Jioni moja alikuta baba yake mlangoni kama kawaida, akamwingiza, kisha akaja jikoni.

"Kuna kitu unakijua," akasema. "Nikisema nimefika, ananitazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Mtu anayengoja mtu hatazami hivyo. Niambie."

Nikamwambia yote, tukiwa tumesimama, yeye ameegemea jokofu. Nilimwambia habari ya homa, mvua, ndege inayopita juu. Nilipofika kwenye jina, aliweka mkono mdomoni. Hakulia. Aliuliza tu, "Kwa hiyo nimebeba jina la maiti maisha yangu yote na sikuambiwa?"

"Umebeba jina la mtu aliyempenda," nikasema. Lilinitoka tu. Akatoka jikoni.

Siku iliyofuata aliingia alasiri na jambo kichwani. Nililiona kwa jinsi alivyosimama mlangoni, amenyooka. Mzee alikuwa anapapasa mifuko, anaita.

"Nimetua," bosi akamwambia. Alisema kama askari. "Nimetua salama. Ndege nzima. Unaweza kupumzika sasa."

Mzee akaacha kupapasa. Akamkaribia, akamtazama usoni kwa muda, karibu sana, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la chai na sikuthubutu kuliweka.

"Usifanye hivyo," mzee akasema, si kwa ukali. "Wewe si yeye. Wewe ni mwanangu." Akamshika kola, akaiweka sawa. "Umechoka. Unafanya kazi sana. Kaa."

Bosi akakaa. Alikaa pale pale kwenye zulia, na suti yake, mgongo ukutani. Mzee akabaki amesimama juu yake, mkono begani kwa mwanawe. Nikaweka chai sakafuni, nikawaachia sebule.

Sitasema mzee alipona. Kesho yake alasiri alikuwa tena mlangoni. Kilichobadilika ni kwamba hatukumzuia tena wala hatukumdanganya. Bosi akirudi tulishuka wote watatu, tukatembea kando ya maji hadi jua likapoa, mzee akiuliza upepo na mwanawe akimjibu kwa nambari za kweli alizozipata uwanjani kabla ya kutoka kazini. Wakati mwingine walibishana juu ya hesabu. Bosi alimuuliza habari za rubani yule, alikuwa anapenda nini, alikuwa mkorofi, na mzee alikuwa na majibu. Nilitembea nyuma yao kidogo. Nilisikia mambo mengi ambayo si yangu kuyaandika.

Mzee alifariki majira ya baridi yaliyofuata, asubuhi, baada ya siku chache za mafua. Bosi alimrudisha kwao akazikwe pembeni ya mkewe, na hakurejea Doha ila kufunga nyumba. Aliponiaga uwanja wa ndege alinipa mkono, kisha akabadili nia akanikumbatia, mbele za watu.

Mimi nilipata kazi Umm Salal, nje kidogo ya Doha, kwenye familia yenye watoto wadogo na shamba dogo la mbuzi nyuma ya nyumba. Bibi wa nyumba alikuwa mtu mwema na kazi haikunitesa. Lakini kwa miezi mingi sikuweza kukaa saa za alasiri. Watoto wamelala, vyombo vimeoshwa, nami nazunguka uani, natazama upepo unaipeleka wapi bendera ya jirani.

"We mama, una nini?" bibi wa nyumba aliniuliza siku moja kwa Kiarabu chake cha taratibu. "Mbona hutulii?"

Nikamwambia nanyoosha miguu. Akanitazama, akaniletea kikapu cha nyanya nimsaidie kuchambua, tukakaa kwenye jamvi, yeye huku na mimi kule, tukachambua mpaka watoto wakaamka.